Kuogelea na Kutazama Matumbawe katika Ghuba za Watamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watamu iko wapi, na kwa nini maji ya ghuba zake ni matulivu?

Watamu ni mji mdogo wa pwani katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa na si mbali na Malindi. Ufuo wake haukunyooka. Bahari imeingia nchi kavu na kufanya ghuba kadhaa zinazofuatana kuelekea kusini: Ghuba ya Watamu iliyo karibu na kijiji, kisha Blue Lagoon, kisha Turtle Bay, na kati yake zimo rasi za mawe. Mbele ya ghuba hizo, upande wa bahari kuu, upo mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani. Wimbi linalotoka katika Bahari ya Hindi huvunjika pale mwambani, na linapofika ufuoni huwa limekwisha kupoteza nguvu zake nyingi. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia ngurumo ya mawimbi kwa mbali huku maji yaliyo mbele yake yakiwa hayatikisiki sana.

Mawe makubwa yanayosimama majini, membamba chini na mapana juu kwa umbo la uyoga, ni matumbawe ya kale yaliyokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Maji yanayopanda na kushuka kila siku ndiyo yaliyoyala sehemu za chini.

Je, eneo hili ni la hifadhi?

Ndiyo. Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na hizo ni miongoni mwa mbuga za kwanza kabisa za baharini barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO iliingiza eneo la Malindi na Watamu katika mtandao wake wa hifadhi za viumbe hai. Msimamizi ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, yaani KWS. Ni muhimu mgeni ajue kwamba kuna maeneo mawili yenye masharti tofauti: ndani ya mbuga hakuna ruhusa ya kuvua wala kuchukua kitu chochote, ilhali katika hifadhi inayoizunguka wavuvi wa hapo wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Ukimwona mvuvi akivuta mshipi wake nje ya mipaka ya mbuga, hajavunja sheria, na wala hilo halikupi wewe ruhusa ya kuchokoa pweza ndani ya mbuga.

Ni saa ngapi nzuri ya kuingia majini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote yaliyomo katika ukurasa huu, na wageni wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kuchelewa. Watamu haiendeshwi na saa ya ukutani bali na maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kukiwa na saa sita na dakika kadhaa baina ya kujaa na kupwa, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Aliyeogelea vizuri saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu asitarajie kuyakuta maji yale yale saa tatu asubuhi ya Ijumaa.

Tofauti baina ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa si ndogo. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti hiyo katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Ghuba iliyokuwa na kina cha kumfunika mtu mzima hugeuka uwanja wa mchanga na vidimbwi, na mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye yale mawe. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti ni ndogo zaidi, na maji hukaa katika kina cha wastani karibu siku nzima.

Kuna kanuni moja ambayo watu wa pwani hii wanaijua tangu utotoni na ambayo itakusaidia hata kama huna jedwali la maji mkononi. Siku za bamvua, maji hukupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa yanajaa katikati ya asubuhi na kukupwa jioni. Kwa hiyo utazame mwezi usiku kabla ya kupanga safari ya asubuhi, kisha uthibitishe kwa jedwali la maji la Mombasa au la Malindi, ambalo hoteli nyingi hulibandika ukutani na mabaharia wote wanalo kichwani.

Sasa, maji gani yanafaa kwa kazi gani? Kwa kuogelea tu ufuoni, hasa ukiwa na watoto, nenda kuanzia maji yanapofika nusu ya kujaa hadi yanapojaa kabisa. Kwa kutazama matumbawe, wakati mzuri ni karibu na maji kukupwa, na hasa yanapoanza kurudi, kwa sababu mwamba wa nje unakuwa umezuia mawimbi, matumbawe yako karibu na macho yako, na maji yanayoingia yanatoka bahari kuu yakiwa safi. Maji yanayotoka, kinyume chake, hubeba matope na majani kutoka Hori la Mida, mkono wa bahari wenye mikoko ulio upande wa kusini, na uoni hupungua. Angalizo ni moja: katika kilele cha bamvua maji juu ya mwamba huwa haba mno, kiasi kwamba asiye mzoefu hawezi kuelea bila kugusa matumbawe kwa magoti au kwa tumbo. Siku kama hiyo ni afadhali kusubiri yapande kidogo. Kama ungetaka nichague siku moja tu katika mwezi, ningechagua siku ya maji mafu, asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka.

Ni miezi gani ya mwaka inayofaa zaidi?

Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ndio wenye bahari shwari na maji meupe yanayoonyesha chini. Oktoba nayo ni nzuri, kwa kuwa kusi huwa inaisha na upepo unatulia. Kusi yenyewe, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, huleta upepo wa nguvu, mawimbi nje ya mwamba, na majani mengi ya baharini yanayotupwa ufuoni. Majani hayo si uchafu, bali huzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na ni chakula na makao ya viumbe wadogo. Hata hivyo hata katika kusi zipo asubuhi tulivu ndani ya ghuba, na aliyekwisha kufika asikate tamaa. Joto la maji kwa mwaka mzima liko kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, kwa hiyo baridi si hoja.

Mvua za masika, kati ya Aprili na Juni, hupunguza sana uoni. Mvua za vuli ni nyepesi zaidi, ingawa huko Malindi mto Sabaki huleta maji mekundu ya udongo baharini baada ya mvua hizo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi kuichagua Watamu wakati huo. Anayetaka pia kuona nyangumi wanaopita pwani hii aje kati ya Julai na Septemba au mapema Oktoba, lakini hao huonekana nje ya mwamba kwa boti.

Nitaona nini chini ya maji?

Usiwe na haraka. Wageni wengi huogelea wakivuka juu ya matumbawe kana kwamba wanakwenda mahali, kisha hurudi wakisema wameona samaki wa rangi rangi. Chagua tumbawe moja kubwa, elea juu yake bila kupiga miguu, na utazame kwa dakika kumi. Samaki waliojificha watatoka mmoja mmoja. Utamwona pono, mwenye rangi ya kijani na waridi, aking'ata mwamba kwa meno yaliyoungana kuwa mdomo mgumu, na ukituliza pumzi utasikia sauti ya kutafuna kwake waziwazi kabisa. Mawe anayoyasaga hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga mweupe, na sehemu ya mchanga unaoukanyaga ufuoni imepitia njia hiyo. Utaona vitatange wakitembea wawili wawili, kangaja wakila mwani kwa makundi, changu wakikaa kando ya kivuli, na pengine mkunga akichungulia kutoka katika tundu huku akifungua na kufunga mdomo. Hafanyi hivyo kwa hasira. Ndivyo anavyopumua.

Kwenye mchanga ulio wazi, tazama samaki aina ya taa wenye madoa ya buluu, ambao hujilaza chini ya viambaza vya mwamba wakiacha mkia tu nje. Penye majani ya baharini ndipo palipo na viti vya pweza, yaani wale viumbe wenye umbo la nyota, majongoo bahari, na kasa wanaokuja kula. Pweza naye yupo, ila ni lazima umtafute kwa kutazama maganda ya kaa na kome yaliyorundikwa mbele ya tundu, kwa kuwa yeye mwenyewe hubadilisha rangi hadi akafanana na jiwe.

Nahitaji vifaa gani?

Miwani ya kuzamia na snorkeli, yaani mrija wa kupumulia, vinatosha. Mapezi ya miguuni yanasaidia kwa mwogeleaji mzoefu, lakini mikononi, au tuseme miguuni, mwa asiyeyazoea ndiyo yanayovunja matumbawe mengi zaidi, na kwa hiyo mimi humshauri anayeanza ayaache. Viatu vya mpira vya kuogelea vinahitajika kwa kutembea wakati wa maji kupwa. Jambo la kuangalia zaidi ni miwani. Ijaribu kabla ya kukodi: iweke usoni bila kupitisha ukanda kichwani, vuta pumzi kwa pua, kisha iachie mkono. Ikibaki usoni, inakufaa. Ikidondoka, itaingiza maji, na kukaza ukanda hakutaitibu.

Nywele zikipita chini ya mpira wa miwani, maji yataingia, na ndevu za juu ya mdomo huleta tatizo hilo hilo, ambalo hupungua ukizipaka mafuta mazito kidogo. Kwa dada na mama wanaoogelea wakiwa wamevaa hijabu, mpira wa miwani ukae moja kwa moja kwenye ngozi ya uso na kitambaa kiwe nje yake, huku ukanda ukipita juu ya kitambaa. Kitambaa kikinaswa ndani, hata kwa upana wa uzi, utakuwa ukisimama kila dakika kumwaga maji. Ili kioo kisifanye ukungu, kitemee mate, yasugue kwa kidole, kisha suuza kwa maji ya bahari mara moja tu.

Kwa jua, vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Mgongo na nyuma ya mapaja ndipo jua la hapa linapounguza mtu aliyelala kifudifudi majini bila kuhisi. Baadhi ya mafuta ya kujikinga na jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na jimbo la Hawaii huko Marekani limepiga marufuku uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati tangu mwaka 2021. Nguo haina shida hiyo.

Sijui kuogelea. Je, ninaweza kutazama matumbawe?

Unaweza, kwa masharti. Anza ndani ya ghuba, maji yakiwa kifuani, ujizoeze kupumua kwa mdomo peke yake huku uso ukiwa majini na miguu ikiwa bado imesimama mchangani. Wengi huhitaji robo saa tu ili moyo utulie. Maji yakiingia katika snorkeli, usivute pumzi, bali puliza kwa nguvu mara moja na yote yatatoka juu. Ukishazoea, vaa jaketi la kuokolea maisha, na uende na kiongozi atakayekushikisha boya na kukaa nawe muda wote. Kiongozi anayekuahidi kwamba atakuangalia akiwa juu ya boti hafai.

Asiyetaka kabisa kuingia majini apande boti yenye sakafu ya kioo. Wazee na watoto wadogo huifurahia sana, na mimi siihesabu kuwa ni safari ya daraja la pili.

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au kifafa amwone daktari kwanza. Aliyekunywa pombe asiingie. Na waogeleaji hodari wanaopenda kupiga mbizi waache ile tabia ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, kwa sababu humwondolea mtu dalili ya kuhitaji hewa, akazimia chini ya maji bila onyo.

Je, kuna mikondo ya hatari?

Ndani ya ghuba, karibu na ufuo, mikondo ni midogo. Hatari iko mahali pawili. Pa kwanza ni katika milango ya mwamba, ambamo maji yote ya ndani hutafuta njia ya kutokea yanapokupwa. Pa pili, na hapa nasisitiza, ni mdomo wa Hori la Mida upande wa kusini. Hori hilo ni pana, limezungukwa na mikoko, na maji yake yote huingia na kutoka kupitia mlango mmoja mwembamba. Bamvua inapotoka, mkondo pale humshinda mwogeleaji yeyote. Yapo mapango mashuhuri chini ya maji karibu na mlango huo, wanamoishi tewa wakubwa, na watu hupenda kuyatembelea, lakini huyatembelea wakati maji yamesimama baina ya kujaa na kupwa, na tena wakiwa na nahodha anayepajua. Usiende peke yako kutoka ufuoni, hata ukiona maji yametulia, kwa sababu yatageuka ukiwa ungali ndani.

Ukichukuliwa na mkondo popote pale, usishindane nao. Elea, inua mkono, na uogelee kwa kuukata upande mpaka utoke ndani yake. Usitegemee kwamba kuna mwokoaji anayekutazama kutoka ufuoni. Mwenzako wa kuogelea ndiye mwokoaji wako, kwa hiyo usiingie bila mwenza.

Ni viumbe gani vya kujihadhari navyo?

Anayejeruhi watu wengi kuliko wote ni yule mnyama mweusi wa duara mwenye miiba mirefu, anayekaa katika mianya ya mwamba. Hashambulii, hukanyagwa. Miiba yake hukatikia ndani ya ngozi. Itoe ile inayoonekana kwa kibano, loweka mguu katika maji ya moto yanayovumilika, safisha vizuri, na kama mwiba umeingia karibu na kiungo au jeraha limevimba, nenda hospitali. Yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye sumu kali katika miiba ya mgongo. Ni nadra kumkanyaga ukivaa viatu na kutembea mchangani badala ya mawe, lakini ikitokea, maumivu ni makubwa mno: tumbukiza mguu katika maji ya moto, kiasi cha nyuzi 45, yaliyopimwa kwanza na mtu asiyeumwa ili yasimbabue mgonjwa, na umpeleke hospitali bila kungoja. Taa huepukwa kwa kuburuta miguu badala ya kuinua unapotembea majini, maana akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Yavuyavu huja kwa vipindi. Akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, ondoa mabaki yake bila kusugua, kisha tumia maji ya moto. Usisuuze kwa maji baridi ya bomba wala usipake mchanga. Papa wakubwa hawana kawaida ya kuingia ndani ya mwamba, na papa wadogo wa mwambani humkimbia mtu.

Kwa nini matumbawe mengine ni meupe au ya kijivu?

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake huishi viumbe vidogo vya mwani vinavyompa sehemu kubwa ya chakula chake na rangi yake. Maji yakipata joto la kuzidi kwa majuma kadhaa, mnyama huyo huwatoa wenzake hao nje, akabaki mweupe na mwenye njaa. Joto likishuka mapema, hupona. Likiendelea, hufa, na mwani wa kijivu humfunika. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, yaani kipindi ambacho bahari hupata joto kupita kawaida, pwani yote ya Kenya ilipoteza sehemu kubwa sana ya matumbawe yake hai, na Watamu haikusalimika. Joto kama hilo limerudi baadaye, na mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba kubabuka kwa matumbawe kulikuwa kumeenea tena duniani kote.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu mgeni hufikiri kwamba tumbawe lililochakaa halina thamani, akalikanyaga. Ukweli ni kinyume. Vijitumbawe vichanga huota juu ya yale yaliyokufa, vikiwa na ukubwa wa ukucha, na wengi wao hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Anayesimama pale apumzike huua kwa unyayo mmoja kilichokuwa kinajaribu kurudi. Ukichoka, lala chali uelee, au uogelee hadi penye mchanga.

Mabaharia wengine hutoa mkate kwa samaki. Je, niukubali?

Ukatae kwa adabu. Samaki waliozoea mkate huacha kula mwani, na mwani usipoliwa huyasonga matumbawe. Pia samaki wakali, hasa kikande, huwafukuza wengine na hujifunza kung'ata vidole. Mwambie nahodha mapema, kabla ya boti kuondoka, kwamba hutaki. Wengi wao watafurahi kuona mgeni anayejali, kwa kuwa riziki yao inatoka hapo hapo.

Nikikutana na kasa nifanye nini?

Simamisha miguu na umwache achague umbali. Kaa kama mita 3 kutoka kwake, ubavuni mwake, usimfuate kwa nyuma wala usimkinge kwa juu, maana kasa hupumua hewa kama wewe, na akizuiwa kupanda huchoka. Wanaoonekana zaidi ni kasa wa kawaida, anayekula majani ya baharini, na ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka. Kumgusa, kumpanda au kuchukua mayai yake ni kosa kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu yake ni kubwa.

Fukwe za Watamu ni mahali pa kutagia. Mayai hukaa mchangani kwa karibu miezi miwili. Ukitembea usiku, usiwashe tochi wala mwanga wa simu, na ukimwona kasa akipanda ufuoni au ukiona makinda, rudi nyuma na uwaarifu KWS au shirika la Local Ocean Conservation, ambalo lilianza kazi yake hapa mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch. Shirika hilo hupokea kasa walionaswa katika nyavu, na humlipa mvuvi anayewaarifu fidia ndogo kwa muda na zana zake. Kituo chao cha kuwatibia kasa hupokea wageni, na ningependa kila anayekuja kuogelea akipitie kabla ya kuingia majini.

Ninalipa nini, na boti ninaikodi vipi?

Ada ya kuingia mbugani hulipwa kwa KWS kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, si kwa fedha taslimu, na viwango hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti. Viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, basi vitazame siku ile ile unayosafiri. Omba stakabadhi yako mwenyewe, hata kama nahodha amesema ada imo ndani ya bei yake.

Bei ya boti ni ya maelewano. Kabla ya kukubaliana, uliza mambo manne: bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, safari ni ya saa ngapi, vifaa vimo au vinakodiwa kando, na je, kuna jaketi la kila abiria, wakiwemo watoto. Hilo la mwisho lithibitishe kwa macho. Boti inapaswa kuwa na leseni na kufunga kamba kwenye boya lililowekwa tayari. Nahodha anayetupa nanga juu ya matumbawe mwambie aiondoe.

Hoteli zimejaa ufuoni. Je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kupita?

Anaruhusiwa kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga huo. Kinachosumbua ni njia za kufikia ufuo kutoka barabarani, ambazo mahali pengine zimezibwa kwa kuta, na jambo hili linawauma wenyeji kwa haki. Zipo njia za umma, na watu wa bodaboda wanazijua. Omba ushushwe kwenye njia ya umma, usitaje jina la hoteli.

Nivae nini?

Ufuoni, nguo za kuogelea za kawaida hazina neno. Kijijini, ambako Waislamu ni wengi na misikiti iko karibu na njia, jifunge leso au vaa nguo za kawaida kabla ya kuingia madukani, mwanamume naye avae shati. Salimia wazee kwanza kwa shikamoo kabla ya kuuliza njia.

Naweza kubeba maji ya chupa na kuondoka na kombe mbili tatu?

La, kwa yote mawili. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na mirija, zimekatazwa katika mbuga na fukwe zilizohifadhiwa nchini Kenya, na mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku tangu Agosti 2017. Beba chupa ya chuma. Kombe ni nyumba ya kaa wadogo wasio na ganda lao wenyewe, na ndani ya mbuga kuziokota ni kosa. Usinunue pia zile zinazouzwa njiani.

Ninafikaje?

Kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi na ushuke Gede, kisha uchukue tuktuk au bodaboda kwa kilomita chache zilizobaki. Anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR hushuka Miritini na kuendelea kwa barabara, na anayesafiri kwa ndege hutua Malindi. Panga kulala Watamu walau usiku mmoja kabla ya siku ya kuogelea, kwa kuwa maji mazuri mara nyingi huwa asubuhi mapema, na aliyetoka Mombasa siku hiyo hiyo huyakuta yamekwisha kugeuka.

Mvua ikininyeshea au maji yakiwa machafu, nifanye nini siku hiyo?

Nenda Gede ukaone mji wa kale wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuachwa katika karne ya 17, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2024. Au nenda Hori la Mida maji yakiwa yanakupwa, utembee juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko na kuwatazama ndege wanaohama wakilisha matopeni. Baada ya mvua kubwa, ipe bahari mizunguko kadhaa ya kujaa na kupwa, kisha umuulize mvuvi yeyote anayerudi asubuhi kama maji yameshaanza kuonyesha chini.